Nyonga ya Kupimiwa: Kutoka Kibokoni hadi Ahmedabad na Kurudi

Mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alikufa kwetu Kinango na taabu ikaanza. Mama mdogo alinivusha Feri, akanifikisha Kibokoni, Mji wa Kale, akaniacha kwa fundi wa milango nifagie maranda. Shule nilikuwa nimeishia darasa la tatu. Yaliyobaki nimejifunza kwa mikono. Nimekosea kazi kubwa mara mbili tu maishani, na zote mbili nitazieleza humu, kwa sababu mkizisikia kwa shemeji yangu Salim atazitia chumvi.

Nyinyi wa baraza mmenichosha kuniuliza safari ilikuwaje. Nimeandika mwenyewe, kwa herufi kubwa. Za pasi, viza na benki siandiki, hazina utamu.

Kwanza jueni nilikuwa natafuta nini. Miaka mingi nyuma nilianguka kutoka kwenye jukwaa nikipachika mlango, nyonga ya kulia ikavunjika. Nikatiwa ya chuma, ikakaa miaka yake, ikalegea. Nikatiwa ya pili, nayo ikalegea, ikawa inasagana na mfupa kama bawaba kwenye fremu iliyooza. Daktari wa hapa aliniambia kwamba vikombe vya nyonga vilivyo tayari vina saizi zake, na mfupa wangu umeliwa mpaka hauna saizi. Akasema wako mafundi India wanaotengeneza kikombe cha mtu mmoja tu. Mfupa hupigwa picha kwa mashine, wakafanya mfano wake wa plastiki, kisha wakatengeneza kikombe cha titani chenye masikio matatu, kila sikio likapigwa skurubu pale ambapo mfupa mzima umesalia.

Alidhani nitaogopa. Nikamwambia, daktari, hiyo ndiyo kazi yangu. Katika Mji wa Kale hakuna ukuta ulionyooka. Mtu akinunua mlango wa dukani akauleta nyumba ya kale, utaingia juu ukakataa chini. Lazima fundi aende, apime, afanye kielezo, ndipo akate mbao. Nikamwambia atume picha hizo siku hiyo hiyo.

Na haraka yangu ilikuwa hii. Nyumba yangu nimeijenga mwenyewe, karakana chini, makazi juu, na ngazi ya vipandio kumi na tisa niliyoipiga kwa mkono wangu. Ni kali, kama ngazi zote za mji huu. Miaka miwili sikuipanda. Nililala karakanani baina ya mbao, na mke wangu, Bi Mwanasha, akalala juu. Chakula kiliteremshwa dirishani kwa kikapu na kamba. Nikirudisha sahani navuta kamba mara mbili. Maneno ya mume na mke nayo yakapita dirishani, majirani wakawa wanachangia. Nilimwambia Bi Mwanasha kwamba nikirudi kutoka India siwezi kupanda, nitaiuza nyumba. Akanijibu kutoka juu kwamba nikiiuza, nimuuze pamoja nayo.

Kibokoni hadi barabara kuu

Kichochoro chetu hakipiti gari, na kwa miguu yangu ile barabara kuu ilikuwa mbali kama Maka. Basi nilitolewa kwa mkokoteni wangu mwenyewe, ule wa kupelekea milango, nimelala ubavu juu ya magunia. Miaka arobaini nimetembea mbele ya mkokoteni ule nikiwapigia watu kelele wapishe. Siku hiyo Salim ndiye aliyekuwa mbele.

Salim ni ndugu wa mke wangu. Alikuwa karani kwenye maghala ya Shimanzi, kwa hivyo ana Kiingereza, na ndiyo sababu nilimchukua. Sababu nyingine sina.

Tulipopita barazani kwenu, mnajua wenyewe mlivyofanya. Mmoja wenu, simtaji, aliuliza mlango huo unapelekwa kwa nani. Mwingine akasema huo umeshaliwa na mchwa, unarudishwa. Nimewasamehe, lakini sijasahau.

Makupa

Tulipofika Makupa malori ya makontena yalikuwa yamefungana, hayaendi mbele wala nyuma. Treni ya Nairobi ilikuwa inatungoja Miritini, au tuseme haikuwa inatungoja. Kukaa kwenye kiti cha teksi kulinishinda, nikatoka nikasimama barabarani nimeegemea mlango wa gari, nimekunja uso.

Dereva mmoja wa lori, Mkamba, jina lake Mutua, alishuka akaniuliza mzee unaumwa wapi. Nikamwonyesha. Hakunipa pole ndefu. Alipanda juu ya lori lake akatoa tyubu ya tuktuk aliyomnunulia kaka yake, akaijaza upepo kwa pampu, akaiweka kwenye kiti changu. Akasema, "Kaa hapo katikati, ule upande mbovu uning'inie."

Nikakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi nimekaa bila kusaga meno. Nilimuuliza nitamrudishiaje, akasema yeye hupita Makupa kila siku, nikirudi nitamwona. Foleni ikafunguka ghafla, sikupata hata nambari yake. Treni tuliikuta imefunga milango yote isipokuwa mmoja.

Treni, Nairobi na angani

Jambo la tyubu sikulijua, nanyi lijueni. Kadiri treni ilivyopanda bara, upepo wa tyubu ulitanuka, ikakaza. Voi ilikuwa sawa. Tulipopita Mtito ilikuwa ngumu kama tairi. Tulipoingia Nairobi nilikuwa nimeinuka kuliko abiria wote, naona vipara vyao. Salim akasema ni baridi ya bara. Nikamwambia baridi hainyanyui mtu.

Uwanja wa ndege, kila lango nililopita lililia. Askari wa kwanza aliniambia nitoe funguo. Sina. Nitoe mshipi. Nikatoa, suruali nikaishika kwa mkono, lango likalia. Akaniuliza chuma kiko wapi. Nikamjibu kiko ndani ya nyonga, akitaka alete nyundo. Salim akamtafsiria askari mwingine wa shirika la ndege, mgeni aliyekuwa na Kiingereza tu, kwamba mzee anasema asante kwa kazi yenu nzuri. Hapo ndipo ningetambua tabia ya Salim. Sikutambua. Bikari yangu ya kupimia waliichukua kwa sababu ina ncha. Futi ya mbao ya kukunja waliniachia.

Ndani ya ndege tyubu ilianza tena. Nilipanda polepole mpaka dada wa ndege akaja kuuliza kwa nini kichwa changu kinakaribia taa. Nikafungua kizibo kidogo. Sauti iliyotoka sitaieleza, lakini Salim, ambaye tangu kuruka alikuwa amefumba macho anasoma dua, alidhani bawa limepasuka. Alinishika mkono mpaka Mumbai, na kutoka Mumbai akaapa haingii ndege ya pili. Tukaenda Ahmedabad kwa treni. Nilinyooshwa kitandani, mama mmoja asiyetujua kutujua akatulisha vitu vya unga wa dengu njia nzima. Tukimwambia tumeshiba anaongeza.

Ahmedabad

Hospitali ilikuwa safi, watu wake wana adabu, na chakula chake kilikuwa adhabu. Hakuna samaki. Hakuna nyama. Mchuzi wa dengu wametia sukari. Mimi nimekula dengu kwa Wahindi wa Mombasa tangu utoto, sukari sikupata kuiona ndani yake kiasi kile. Nilidhani wamekosea, nikarudisha sahani kwa heshima. Wakaniletea nyingine yenye sukari zaidi, maana waliona mgonjwa hajaridhika. Salim alikula zote mbili.

Siku ya pili walikuja watu wawili. Mmoja ni daktari mpasuaji, mtu mrefu, mpole. Wa pili ni mwembamba, kalamu sikioni, jina lake Kirit. Yeye ndiye aliyekichora kile kikombe na kukitengeneza. Nilipomwona na kalamu sikioni nilitulia, nikajua huyu ni wa kwetu. Nikamtajia randa, akaelewa bila mkalimani. Kumbe babu yake alikuwa seremala.

Akaweka mezani mfupa wangu wa nyonga, mzima, wa plastiki nyeupe. Wallahi ni jambo la ajabu kujiona hivyo. Upande mmoja mzuri, mviringo. Upande wa pili umelika kama mbao ya jahazini. Na juu ya ule ulioliwa akapachika kikombe cha majaribio chenye masikio yake matatu. Kilikaa taratibu, bila kusukumwa. Nilipitisha ukucha kwenye kiungo, haukuingia. Kazi ile ilinitia wivu.

Kisha nikauangalia mfupa tena, jasho likanitoka.

Hapa niwaeleze kosa langu la kwanza. Nikiwa kijana nilitengeneza mlango wa mbao mbili, ubao mdogo wa kuingilia ukiwa mkono wa kulia. Nilipoupeleka, mwenye nyumba alikuwa ametaka kushoto. Mimi nilipima nikiwa ndani, nikatengeneza kama niko nje. Fundi wangu alinifanya niurudishe mgongoni, peke yangu, mchana, kupitia Mji wa Kale wote. Tangu siku ile nina sheria. Mlango husomwa kutoka nje. Simama barabarani, uelekee nyumba, kulia kwako ndiko kulia kwa mlango. Kila mlango nautia alama ya chaki, mstari mmoja ni kulia, miwili ni kushoto, na sijakosea tena.

Basi ule mfupa ulikuwa mezani umenielekea. Na upande uliooza ulikuwa mkono wangu wa kushoto. Mimi naumwa kulia.

Nikamwambia Salim, "Waambie wametengeneza cha kushoto. Waambie mimi sipasuliwi upande mzima kwa makosa ya mtu."

Salim akawatazama, akasema maneno marefu ya Kiingereza. Wote wawili wakatabasamu, wakanishika mkono, wakaondoka. Nikamuuliza wamesemaje. Akasema, "Wamekusikia, shemeji."

Nikangoja waje na kingine. Siku nzima hakuna aliyekuja.

Mlango wa wodi

Asubuhi ya pili waliingia na kitanda cha magurudumu na gauni lililo wazi nyuma. Nikawauliza kama kikombe kimebadilishwa. Wakanionyesha gauni. Nikakataa. Wakanishika bega kwa upole, nami nikashika fremu ya mlango wa wodi kwa mikono miwili. Nimepachika fremu nyingi duniani, najua pa kushika. Walikuja wauguzi wanne, hawakunitoa.

Salim alikuwa ametoka kununua chai. Aliporudi akanikuta vile, gauni limevaliwa mkono mmoja, wagonjwa wamejaa ukumbini wanatazama.

Nikamuuliza, "Juzi uliwaambia nini?"

"Shemeji, si wakati wake."

"Una wudhuu?"

"Ninao."

"Basi sema kweli mbele ya wudhuu wako."

Akainamisha kichwa. "Niliwaambia mzee anashukuru sana, kazi yenu imemfurahisha."

Nikatafuta neno ambalo si tusi. Sikulipata, nikatumia tusi. Alinieleza kwamba karani wa maghala hukaa kati ya matajiri na mahamali miaka thelathini, na kama angekuwa anatafsiri kila neno kama lilivyo, Shimanzi ingekuwa imechomwa moto zamani. Nikamwapisha kwamba kuanzia hapo atatafsiri neno kwa neno, hata la aibu. Akaapa. Akamwambia daktari kila kitu, hata lile tusi, ambalo halikumhusu.

Daktari hakukasirika. Alisimamisha kazi, akamwita Kirit. Saa nzima nimeshika fremu. Nilikuwa nimeshajiona narudi Kibokoni kwa mkokoteni, nalala tena na mbao, navuta kamba.

Kirit alikuja na ule mfupa wa plastiki kwapani, kalamu ikiwa palepale sikioni. Salim akamweleza sheria yangu ya milango, kutoka nje, mstari mmoja na miwili. Kirit alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza fundi mwenzake. Hakucheka. Akazunguka nyuma yangu, akaushika mfupa ule sawa na makalio yangu, umeelekea ninakoelekea mimi. Akauchukua mkono wangu wa kulia kutoka kwenye fremu, akaupeleka nyuma, akauweka juu ya kikombe.

Kilikuwa kulia.

Akasema, na Salim akatafsiri neno kwa neno, "Fundi, mlango unausimamia nje. Nyonga, wewe uko ndani yake."

Nilifikiri. Nikauliza, "Kwa hivyo hapa mimi si mpita njia. Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Ndiye."

Hilo ndilo kosa langu la pili, na nimelitaja mwenyewe. Nikaachia fremu. Lakini sikuwa nimemaliza. Niliomba kalamu ya Kirit, nikafungua gauni, nikachora mstari mmoja mnene kwenye paja la kulia. Daktari akaniambia kwamba yeye naye ana desturi hiyohiyo kabla ya kupasua, akachora mshale wake kando ya mstari wangu. Tukaingia tukiwa tumeelewana.

Vipandio vinne

Ya chumba cha upasuaji siyajui, nilikuwa nimelala. Nilipoamka maumivu yalikuwa mengi, lakini yalikuwa mageni. Yale ya zamani, ya kusagana, niliyatafuta sikuyaona.

Kisha wakanikabidhi kwa mama wa mazoezi. Ni mwanamke mfupi, ananifika kifuani, na sijapata kuona hamali wa Shimanzi mwenye nguvu zile. Alinisimamisha na kiunzi cha kutembelea nikiwa bado natafuta kisingizio. Walinizuia nisiuelemee mguu kwa majuma kadhaa. Siku ya ngazi akanipeleka penye vipandio vya mazoezi, vinne. Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mbovu unatangulia. Nikapanda, nikashuka, akapiga makofi.

Nikamwambia kwangu viko kumi na tisa. Akasema vinne vinatosha kujifunza. Nikatoa futi, nikapima kipandio chake, nikamwonyesha na cha kwangu kinapofika, vidole vinne juu zaidi. Akauliza ni mjinga gani alijenga ngazi ya namna hiyo. Salim, aliyekuwa chini ya kiapo, akatafsiri neno kwa neno. Nikajibu kwamba ni mimi. Mama yule akaenda akaleta vipande vya mbao, akavipanga juu ya vipandio vyake mpaka vikafika urefu wa vyangu. Kimoja kilicheza. Nilikichonga kwa kisu cha jikoni mpaka kikatulia, ndipo nikapanda. Tulifanya hivyo kila siku mpaka siku ya kuondoka. Alipoaga alisema nikirudi kwetu nivunje ile ngazi. Nikamwambia hapana. Akasema alijua.

Kirit alinipa mfupa ule wa plastiki uwe wangu.

Kurudi

Milango ya uwanja wa ndege ililia vilevile, ila sasa nilikuwa na barua. Kilichowashtua ni begi la mkononi. Afisa wa Nairobi alilifungua akatoa nyonga nzima ya mtu, akaiinua juu mbele ya foleni. Akauliza ni ya nani.

Salim akasema, "Ni ya huyu mzee kwenye kiti."

"Na yeye amekalia nini?"

"Yake nyingine."

Aliita mkubwa wake. Mkubwa akamwita wake. Tulichelewa treni ya asubuhi, tukapanda ya mchana, nami sikulalamika, maana maafisa watatu walisikia habari ya milango ya Mji wa Kale na mmoja akaniagiza kitanda.

Makupa nilimsimamisha dereva wa teksi kando, nikatazama malori. Mutua sikumwona.

Kumi na tisa

Nilifika kichochoroni kwa mkokoteni uleule, safari hii nimeketi. Nilipofika mlangoni kikapu kilikuwa kinaning'inia mahali pake, ndani yake mna chupa ya chai. Bi Mwanasha hakuwa dirishani. Alikuwa amesimama juu ya ngazi, mikono kifuani.

Akasema, "Chai iko kikapuni kama huji."

Nilishika reli. Mguu mzima, fimbo, mguu wa chuma. Cha kwanza. Salim alitaka kunisukuma nyuma, nikamwambia akinigusa nitamtafsiria lile tusi kwa fimbo. Cha saba nilipumzika. Cha kumi na moja nilikumbuka kinalia, nikakikanyaga pembeni. Cha kumi na tano nilikaa chini kidogo, nikaisifu mbao yake, ili aliyeko juu asijue nimechoka. Alijua. Akateremka vipandio viwili, akakaa na yeye. Hatukusema neno, na kwa mara ya kwanza kwa miaka miwili majirani hawakuwa na la kuchangia. Kisha akainuka, nami nikainuka.

Juu alinionyesha kitanda. Alikuwa amekigeuza, upande wangu uwe karibu na mlango, nisizunguke.

Mnataka kujua nimebakiwa na nini. Haya ndiyo niliyo nayo leo:

Nyumba moja Kibokoni, chini na juu.
Karakana, na randa saba, mbili za fundi wangu marehemu.
Mkokoteni mmoja, wa milango tu.
Futi ya mbao. Bikari mpya.
Tyubu moja ya tuktuk, si yangu. Mutua akipita Makupa mwambieni ipo.
Nyonga mbili, moja ya plastiki, imekaa rafuni karakanani. Nyingine ninayo mwilini.
Ngazi ya vipandio kumi na tisa. Cha kumi na moja nimekitengeneza.
Kikapu kimoja. Kamba nimeikata.